Marehemu Alikuwa Wetu

Kazi yangu ni kuongoza matanga. Usicheke. Nairobi hii kuna watu wanaolipwa kuuza hewa maofisini, kwa nini mimi nisile kwa kushika maiki msibani? Kuanzia Kawangware 46 mpaka Riruta Satellite, ukifiwa utaambiwa, "Mwite MC Shiundu, huyo anajua kupanga watu." Na kweli najua. Najua shemeji atakayelia kwa sauti kubwa kuliko mjane. Najua mwanakwaya atakayeomba wimbo mmoja tu halafu aimbe mpaka chakula kipoe. Zaidi ya yote, nawajua waheshimiwa. Mheshimiwa anaweza kukataa chakula cha matanga, anaweza hata kukataa kiti, lakini sijaona bado aliyepita karibu na maiki bila kuishika.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye wazo lile lilitoka wapi.

Rafiki yangu Murunga alifia kwenye nguzo Kibera. Alipanda asubuhi kurekebisha waya wa intaneti, akaunga palipokatika, na alipokuwa anashuka stima ikampiga, akaanguka. Hatujamaliza hata kuuliza mwili umepelekwa wapi, taarifa mbili zikaingia kwenye simu za watu. Moja ilitoka kwa mradi wa serikali, nyingine kwa kampuni. Maneno yalikuwa yaleyale, koma kwa koma, nembo tu ndiyo iliyobadilishwa. Zilisema kwamba mhalifu mmoja aliyekuwa akihujumu miundombinu ya mtandao wa umma amepoteza maisha, na kwamba wananchi wanahimizwa kulinda mali yao.

Mhalifu! Murunga alikuwa mtu wa kuazima ngazi yako na kuirudisha ikiwa imepanguswa vumbi. Na hebu niambie, ni mwizi gani wa waya anayepanda mtandao ukiwa umelala, akifa unaamka? Taarifa yenyewe niliisoma kwa mtandao alioutengeneza asubuhi hiyo. Nilitamani kumeza simu.

Wacha nikueleze ilivyokuwa. Intaneti ya mitaa yetu haikuletwa na serikali, wala haikuletwa na kampuni. Ililetwa na Murunga na Sumaya. Sumaya ni Mnubi wa Kibera, ana saiba yake, chumba cha kompyuta za kulipia, ndani ya ploti ya nyanya yake, Sitelbanat. Nyanya alitoa paa, Sumaya akatoa kompyuta, Murunga akatoa miguu. Akavuta waya kutoka paa hadi paa, akafunga antena inayoangalia upande wa Kawangware, na sisi huku 46 tukapata. Watu wakasoma, wakatafuta kazi, wakatukanana Facebook, maisha yakasonga.

Kisha wakubwa wakagundua kwamba kuna maskini wanaotumia intaneti bila mkubwa yeyote kupigwa picha. Hilo halingevumilika. Yakaja mahema, vikaja viti vilivyovalishwa vitambaa, ukaja utepe. Mradi ukaitwa Mitaa Mtandaoni, na tukaambiwa kwamba ni ubia wa serikali na sekta binafsi. Serikali ilikuja kwa sura ya Bwana Dedan, mratibu, mtu asiyeweza kukuamkia bila kutumia neno "kimkakati." Sekta binafsi ilikuja kwa sura ya Bi. Muthoni, meneja wa uhusiano wa kampuni ya Nyuzi Kasi, mwenye tabasamu la kudumu kama la tangazo la dawa ya meno. Wakasimamisha nguzo mpya, wakahamishia juu yake waya zilezile za Murunga, wakabandika nembo zao, wakakata utepe wakiwa wameshika mkasi mmoja.

Murunga alivishwa koti linalong'aa, akapigwa picha juu ya ngazi, halafu koti likarudishwa kwenye gari kabla jasho lake halijakauka. "Wewe sasa ndiye mtu wetu wa mashinani," Dedan alimwambia akimshika mkono wa kulia. Muthoni akamwambia hivyohivyo akiwa ameshika wa kushoto. Barua ya kazi hakupewa. Ilikuwa simu tu: "Murunga, kule kumelala, hebu panda." Naye akapanda, mvua ikinyesha, jua likiwaka, mpaka siku ile.

Mke wake, Nasipwondi, anauza nguo za watoto hapa 46. Sisi tunamwita Mama Valentine. Taarifa zile zilipotoka, Valentine alirudi kutoka shuleni akiwa ameulizwa kama babake alikuwa anaiba WiFi ya watu. Jioni ikaja simu kutoka nyumbani kijijini, kutoka kwa Mzee Khaemba, baba mkubwa wa marehemu, ambaye pia ana simu, na pia anasoma. Mzee alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Alisema mtu aliyekufa akiiba hawatamlaza kando ya babake. Atazikwa kule mpakani mwa shamba, haraka, bila hotuba, na watu watawanyike.

Nasipwondi aliweka simu mezani akaniangalia. "Shiundu, mimi sitaki pesa yao. Nataka waseme tu alikuwa kazini. Hayo maneno mawili. Alikuwa kazini."

Tukaanza na serikali. Bwana Dedan alitupokea vizuri, akatuagizia chai, akasikitika kwa kichwa kilichoinama kwa kipimo. "Mama, pole sana. Lakini lazima tuuelewe mfumo. Serikali inatoa sera na mazingira wezeshi. Mambo ya nguzo, waya, nani alipanda wapi, hayo yako upande wa sekta binafsi. Hiyo ndiyo maana ya ubia."

Tukaenda kwa sekta binafsi. Sekta binafsi inakaa juu sana, ghorofa ambayo masikio yanaziba ukifika. Bi. Muthoni naye alisikitika, ila maji yake yalikuwa ya chupa. "Tumeumia sana kama familia ya Nyuzi Kasi. Lakini sisi ni watoa teknolojia tu. Watu wa mashinani wako chini ya serikali. Tukiwaingilia itakuwa kukosa heshima kwa mwenzetu."

"Na mtandao ukifanya kazi vizuri," nikamwuliza, "huwa ni wa nani?"

"Huo ni wetu sote," akasema, na meno yote yakatoka.

Tulipokuwa tunashuka kwenye lifti Nasipwondi hakulia. Alikuwa anaangalia zile namba zikipungua, na mimi nikashikwa na hasira. Watu wawili wenye elimu, magari na makatibu wameshindwa kusema maneno mawili, na kwa sababu hiyo rafiki yangu atatupwa mpakani kama mbwa wa jirani.

Hasira hiyo nilikwenda nayo Kibera, kwa Sumaya. Alikuwa ameketi mlangoni mwa saiba, Nyanya Sitelbanat akiwa kwenye mkeka pembeni akichambua dengu.

"MC, niaje? Wamesema nini?"

"Wamerushiana mpira. Kila mmoja anasema Murunga ni wa yule mwingine."

"Na siku ya utepe walikuwa wanamng'ang'ania kama keki ya harusi!"

Hapo ndipo akili yangu iliposimama. Siku ya utepe. Siku ya utepe kulikuwa na umati, kulikuwa na kamera, na kulikuwa na maiki. "Sumaya," nikamwambia, "hawa watu ofisini wana mawakili. Kwa maiki hawana."

Akanielewa kabla sijamaliza. Mnubi huyu angekuwa waziri tungekuwa mbali.

Nikampigia Dedan. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya huzuni ya kazini, kwamba ibada ya kumuaga Murunga itafanyika Jumamosi kanisani Kawangware, kwamba itaonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao, Kibera wameweka skrini kubwa, na kwamba Bi. Muthoni amekubali kuzungumza kwa niaba ya mradi mzima. "Mradi mzima?" akauliza. "Mzima, Mkuu." Akasema atajitahidi kupata nafasi. Kisha nikampigia Muthoni, nikamweleza hadithi hiyohiyo nikiwa nimegeuza majina. Nilidanganya, ndiyo, mara mbili, na usiku huo nililala fofofo.

Jumamosi wote wawili walifika mapema, jambo ambalo si la kawaida ya mheshimiwa. Kila mmoja alikuja na shada la maua lenye nembo, na wasaidizi wao wakasukumana kimyakimya pale mbele ya jeneza ni shada la nani litakaa upande wa kamera. Niliwaketisha mstari wa mbele, wakitenganishwa na kiti kimoja kitupu. Uwanja wa kanisa ulijaa. Sumaya alikuwa ameunganisha pande zote mbili, hivi kwamba Kibera walituona kwenye skrini uani kwa Nyanya Sitelbanat, na sauti zao zikatufikia sisi kupitia spika. Kule nyumbani Mzee Khaemba na wenzake walikuwa wamezunguka simu moja chini ya upenu wa nyumba. Basi la kutusafirisha lilikuwa nje, injini imezimwa.

Nilimwita Dedan kwanza. Alikuwa mwangalifu sana. Akasema serikali iko pamoja na familia, akasema kifo ni kifo, akaketi. Watu hawakupiga makofi, na nilimwona akigeuza shingo kuyatafuta.

Nikamwita Muthoni. Yeye alianza kwa uangalifu uleule, lakini alipotaja kwamba Nyuzi Kasi inajivunia kuwafikishia intaneti watu wa Kibera na Kawangware, vijana wangu niliowapanga kule nyuma walipiga makofi, na Kibera ikapiga vigelegele kwenye spika. Tabasamu likampanda mpaka masikioni.

Nikachukua maiki. "Makofi tena kwa Nyuzi Kasi, jameni, waliotuletea intaneti! Na serikali tunaishukuru pia, kwa... kwa kuja."

Dedan alisimama kabla sijaketi. "MC, naomba kurekebisha kidogo."

"Karibu, Mkuu. Kwa ufupi tu." Nikampa maiki.

"Watu wasipotoshwe. Mtandao huu ni wa serikali. Nguzo ni za serikali. Nyuzi Kasi ni mkandarasi tu kama wengine."

Maiki ya pili nilikuwa nayo mfukoni. Mwongozaji mzuri wa matanga hatembei na maiki moja. Nikampa Muthoni kwa adabu, kama mtu anayempa mgeni maji.

"Mkandarasi?" Muthoni akasema, na lile tabasamu kwa mara ya kwanza halikuwepo. "Bila sisi hizo nguzo zenu zingekuwa za kuanikia nguo!"

Uwanja ukacheka. Mchungaji alitaka kuingilia, nikamwekea mkono begani. Msibani watu huruhusiwa kutoa yaliyo moyoni.

"Serikali ndiyo iko mashinani!" Dedan akapaza. "Nyinyi mko ghorofani. Ni nani kati yenu alimjua huyu kijana? Murunga alikuwa mtu wetu!"

"Mtu wenu wapi? Murunga alikuwa wa Nyuzi Kasi tangu siku ya kwanza! Sisi ndio tuliompa kazi!"

"Kazi gani? Mtandao ukilala, ni nani alikuwa anampigia simu? Ni ofisi yangu!"

"Ofisi yako ilikuwa inaambiwa na sisi! Hata asubuhi ile, ni mitambo yetu iliyoona kule kumelala, ni sisi tulisema Murunga apande!"

"Na ni mimi," Dedan akajipiga kifua, jasho linamtiririka, "mimi mwenyewe, kwa simu yangu hii, niliyempigia nikamwambia panda! Akapanda! Na mtandao ukarudi! Hiyo ndiyo serikali ikiwa kazini!"

Alikuwa ameinua simu juu kabisa, kama mtu aliyeshinda kombe. Makofi hayakuja. Ikasikika spika ikikwaruza, kisha sauti ya Nyanya Sitelbanat kutoka Kibera, kavu na wazi.

"Mwambieni arudie! Huku hatujasikia vizuri!"

Na yeye, kwa nguvu za mazoea, akafungua mdomo arudie. "Nimesema nilimpi..." Hapo ndipo alipong'amua alichokisema. Akamwangalia Muthoni. Muthoni alikuwa anaiangalia maiki mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyekuwa wake. Mkononi mwa msaidizi wa Sumaya kamera ilikuwa bado inawaka.

Nasipwondi aliinuka kutoka kwenye kiti cha wafiwa. Alitembea taratibu, akaichukua ile maiki vidoleni mwa Dedan, wala Dedan hakuishikilia.

"Asanteni, wageni wetu," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja hayo tu." Kisha akaligeukia jeneza. "Baba Valentine, umesikia? Ulikuwa kazini."

Mimi ninayelipwa kuzuia watu kulia ovyo, nililia ovyo. Sikumaliza ratiba. Kwaya ilianza yenyewe bila kuitwa, na kwa mara ya kwanza nilitaka iimbe nyimbo zote inazozijua. Simu ya Nasipwondi ikaita wimbo ukiendelea. Alikuwa Mzee Khaemba, na alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwangu: "Mleteni mtoto. Vijana wameanza kuchimba, kando ya babake."

Waheshimiwa hawakungoja chai. Waliingia kwenye magari yao kila mmoja akiongea na simu, na najua sasa kwamba walikuwa wanaongea wao kwa wao, maana basi letu lilikuwa halijafika hata Nakuru wakati video ya ibada ilipotoweka mtandaoni. Serikali iliandika amri ya kuiondoa, kampuni ikaiondoa. Miaka nenda miaka rudi walishindwa kukubaliana ni nani abadilishe kebo iliyoliwa na panya, lakini hili walilimaliza kabla ya Nakuru. Ndipo nilipoelewa ubia ni nini. Ikafuata taarifa, safari hii moja, nembo mbili zimekaa pamoja kama maharusi. Ilisema kwamba matamshi yaliyotolewa katika mazingira ya majonzi yalikuwa ya kufariji wafiwa na yasichukuliwe kuwa msimamo wa taasisi yoyote.

Walichelewa. Video ilikuwa imeshaingia kwenye simu za Kibera, za Kawangware na za kijijini kwetu, na vijana wa 46 walikuwa wameikata ile sehemu ya "Nikamwambia panda! Akapanda!" wakaifanya mlio wa simu. Hata leo ukikaa kwa kinyozi utaisikia.

Tulimzika Murunga kando ya babake. Hotuba zilikuwa nyingi kupita kiasi, na mimi sikumkata mtu.

Wiki chache baadaye mtandao ukalala. Safari hii ulilala kabisa, Kibera na Kawangware. Tulingoja. Serikali ikatangaza kwamba inafuatilia kwa karibu. Kampuni ikatangaza kwamba inafanya mazungumzo na serikali. Sumaya alifunga saiba, akakaa mlangoni na nyanya yake kuchambua dengu, na nguzo ikasimama pale na nembo zake bila mtu wa kuipanda.

Nilikuwa kwenye kibanda cha Nasipwondi simu yake ilipoita. Alikuwa anamkunjia mteja sweta ya mtoto, kwa hiyo akaiwasha spika, akaiweka juu ya rundo la nguo.

"Mama Valentine, hujambo? Ni Dedan hapa, wa Mitaa Mtandaoni." Sauti ilikuwa tamu kama ya mtu anayekuja kuposa. "Tunaendelea kuwaombea sana. Sasa, mama, nilikuwa nauliza tu. Marehemu hakuacha mtu, labda rafiki, labda ndugu, anayejua ile nguzo ya Kibera? Tunahitaji mtu wetu pale mashinani, haraka. Hata wenzetu wa Nyuzi Kasi wameniomba nikuulize."

Nasipwondi alimaliza kukunja sweta, akampa mteja wake, akamwambia asante. Kisha akaiinamia simu.

"Mnatafuta mwizi mwingine?"